Maneno Niliyoyanyoosha

Kwenye kilio cha Mama Rukia, pale mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, mama mmoja aliyeketi karibu nami alimwuliza jirani yake marehemu alikuwa akifanya kazi gani. Jirani akajibu, "Alikuwa anatengenezaka maordinateur." Basi, wakarudi kwenye pilau. Mimi nilikuwa na sahani mapajani, tonge nikalirudisha. Kutengeneza maordinateur, yaani kompyuta! Ni sawa na kusema kazi ya mkunga ni kuosha watoto. Nilitaka kusimama niwaambie, lakini kilioni watu hawahutubii, na isitoshe mimi ni Mkristo niliyejifunga mtandio kwa heshima ya nyumba ile, mgeni kati ya wenyewe. Nikala, nikawapa mkono wafiwa, nikapanda basi. Hasira ile nimefika nayo nyumbani na bado ninayo, na ndiyo inayoniandikisha haya.

Mwaka ninaotaka kuusimulia nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimerudi kutoka masomoni Tanzania na cheti cha kompyuta, jozi moja ya viatu vya ngozi, na Kiswahili kilichopigwa pasi. Kiswahili hicho nilikipenda kuliko cheti. Aliyesema mutu nilimwambia mtu, aliyesema apana nilimwambia hapana, na watu wa Bujumbura, ambao wana subira kuliko nilivyostahili, walinicheka tu wakaendelea na mazungumzo yao. Mama Rukia alinipokea katika ofisi yake ya Rohero, chumba kimoja juu ya duka la vitenge, kwenye ngazi zenye giza hata saa sita mchana. Kulikuwa na meza mbili, feni moja iliyogeuka upande mmoja tu, dirisha lisilofungika, na thermos ya chai ya tangawizi ambayo sikuwahi kuikuta tupu. Cheti changu hakukitazama. Alinisukumia mashine mbovu akasema, "Fungua. Ukimaliza, funga. Visi isibaki hata moja." Nilibakiza skrubu mbili. Akazitia kwenye kikopo, akaandika jina langu juu yake, Espe, akakiweka mezani pangu nikitazame kila asubuhi. Nilipomsahihisha neno fulani siku hiyohiyo ya kwanza, hakukasirika. Alinitazama juu ya miwani yake, iliyofungwa kwa uzi mwekundu upande mmoja, akasema, "Ee mwanangu. Kiswahili yako inavaa kravate." Yaani tai ya shingoni.

Kazi yetu kubwa haikuwa kutengeneza, ilikuwa kutunza nakala. Vyama sita vya mjini vilikuwa vimeungana kukodi nafasi kwenye seva moja iliyokuwa Ulaya, mbali na mvua zetu, mbali na umeme wetu, mbali na wezi. Mchana, watu walipokwenda kula, mashine za kila chama zilituma huko nakala za kazi yao, polepole, kwa sababu mtandao wa mjini ulikuwa na mwendo wake. Kwa vile seva ilikuwa ya wote, aliyefungua mlango angeweza kuyaona mafurushi ya wenzake. Kwa hiyo Mama Rukia alihakikisha kila furushi limesimbwa palepale kwa mwenyewe kabla ya kuondoka, likifika kule ni takataka ya herufi kwa kila mtu asiyekuwa na maneno ya kulifungua. Alinieleza hivi kwa mfano wa friji ya kugandishia, mdomo umejaa andazi: "Nyumbani kwetu tuko familia sita, congélateur ni moja, ya Mama Asha. Kila mutu anaweka nyama yake. Mi yangu naweka ndani ya sanduku, sanduku iko na kufuli. Mama Asha anaijua sanduku. Ndani hajui kama ni mbuzi ao ni samaki. Na hatujagombana naye hata siku moja." Nilikuwa nimesoma jambo hilo muhula mzima, na mwalimu wangu hakuwahi kulifikisha kichwani mwangu namna ile.

Kati ya vyama vile sita, aliowaogopea zaidi Mama Rukia ni watu wa kliniki moja ndogo ya Musaga. Wagonjwa wake walikuwa wale ambao ugonjwa wao mtaa ukiujua, mwenye nyumba anakumbuka ghafla kwamba chumba ana mgeni wa kumpa. Kadi walizobeba hazikuandikwa jina wala dawa, namba tu, ili hata ikidondoka basini isimseme mtu. Majina, dawa, na kipimo cha kila mmoja vilikuwa ndani ya mashine ya kliniki na ndani ya nakala yake ya Ulaya. Mahali pengine popote havikuwepo. Siku moja bwana mmoja wa chama kingine kati ya vile sita, mtu mstaarabu, suti safi, alipanda ngazi zetu akaketi bila haraka. Akauliza habari za watoto, za mvua, za barabara. Kisha akasema, "Mama, mi sitaki mambo mengi. Mudogo wangu anaoa. Huyo binti wanasema anaendaka kule kliniki ya Musaga. Mi nataka tu kujua jina yake iko ao haiko. Ndiyo ao apana, basi."

Mama Rukia alimmiminia chai, akamwambia anywe kwanza. Halafu akageuza skrini kumwelekea, akafungua furushi la kliniki kama lilivyolala kwenye seva. "Soma," akasema. Yule bwana akavuta kiti. Zilikuwa herufi na alama zimerukiana ukurasa baada ya ukurasa. "Hii ni nini?" "Ndiyo majina." "Lakini mi siwezi soma." "Iko hivyo kwetu sote, baba. Ongeza sukari?" Bwana akacheka bila kupenda, akaacha kikombe nusu, akashuka. Mimi, na kiherehere changu, nikamwambia, "Lakini mama, wewe maneno ya kufungua unayajua. Wewe unaweza kusoma." Akafuta meza mahali kikombe kilipoacha alama ya duara. "Naweza," akasema. "Lakini siwezi." Sikumwelewa siku ile. Nilidhani ni Kiswahili chake tu.

Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi tulikuwa na desturi ambayo hadi leo nikiitaja kwa vijana wa kazi hii wananitazama kama bibi. Mama Rukia alichukua mashine tupu, isiyo na kitu, akaiunganisha na seva, akabonyeza maneno ya kliniki kwa vidole vyake vinne, na kurudisha faili moja kutoka Ulaya mpaka mezani petu. Faili hiyo aliitengeneza mwenyewe kwa ajili ya jaribio, haikuwa na mgonjwa ndani, ilikuwa na maneno mawili tu: nimefika salama. Mpaka maneno hayo yatokee, hatukula. Chakula kilikuwa pale, kimefunikwa, samaki wa mukeke wa kukaanga na mboga ya lengalenga na bugari, ndio ugali wetu, harufu inakutoa roho, na sisi tunaitazama ile mistari ikipanda. Wakati mwingine ilifika saa tisa. Nilipolalamika alisema, akiiita nakala kwa Kifaransa, "Sauvegarde haujaijaribu ni ahadi ya mulevi. Anakupenda sana, kesho hakujui." Maneno yakitokea alisema "Alhamdulillah", akanawa, na kunimegea kipande cha tumbo la samaki, ambacho wengine wote waliokula naye walijua hakigawi. Nimefanya kazi na wahandisi wa vyeo vikubwa tangu wakati ule. Sijaona hata mmoja aliyekaa na njaa yake kwa ajili ya majina ya watu asiowajua.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Katikati ya mwaka, mfanyakazi mmoja wa kliniki aliacha kazi, na Mama Rukia akaamua maneno ya kufungulia yabadilishwe. Tukaenda Musaga. Kanuni yake ilikuwa kwamba maneno yawe kichwani mwake na kwenye karatasi moja tu, ndani ya bahasha, ndani ya kabati la chuma la daktari, kwa sababu mtu hufa. Maneno yenyewe yalipaswa kuwa yale ambayo hakuna mwenye akili timamu angeyaweka pamoja. Naweza kuyataja leo, yalibadilishwa zamani. Aliketi mbele ya mashine akabonyeza huku akitamka taratibu: "Mukeka mukubwa apana kuku saba." Tukacheka. Akanipa kalamu. "Andika we. Mwandiko yangu ni ya kuku, ndiyo hao saba. We umesoma, andika muzuri." Nikaandika vizuri. Ee Mungu wangu, niliandika vizuri! Kwa herufi kubwa zilizosimama wima niliandika MKEKA MKUBWA HAPANA KUKU SABA, pembeni nikaongeza kwamba yabonyezwe kwa herufi ndogo, nikaikunja karatasi, tukaifunga kwa gundi na saini mbili. Sikufikiri hata kidogo. Sikio langu lilisikia maneno ya Buyenzi na mkono wangu ukayavalisha kravate, na yeye hakuisoma karatasi, kwa kuwa aliniamini.

Mwaka huo Mungu alimjalia Mama Rukia kwenda hija. Watoto wake na majirani wa ile congélateur walikuwa wamemwandalia safari, na ofisi ikajaa watu wa kumuaga. Akaniachia funguo za mlango na maagizo marefu, na akasafiri. Siku ya nne, Ijumaa mchana, mvua ya radi ilipiga Musaga, na radi ikaingia kwenye waya za kliniki. Nilipofika, chumba cha mashine kilinuka plastiki iliyoungua. Mashine imekufa, na diski ya nje iliyokuwa imechomekwa nayo imekufa. Mama Imelda, muuguzi mkuu, alikuwa amesimama mlangoni amejishika kiuno, mama mrefu. "Espe," akaniambia, "Jumatatu watu wanakuja kuchukua dawa ya mwezi. Mi najua sura zao. Dawa yao siwezi kuikumbuka yote. Nikimupa mutu ya mwenzake naweza kumwua, na nikimurudisha bila dawa namwua polepole." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nakala iko Ulaya, na bahasha iko kabatini. Nilisema kwa madaha, nasikia haya kukumbuka.

Jumamosi asubuhi nilikuja na mashine ya ofisi. Daktari akafungua kabati, akaichana bahasha mbele yetu, akanipa karatasi, wakatoka nje. Nikaunganisha, seva ikaitika, nikabonyeza: mkeka mkubwa hapana kuku saba. Imekataa. Nikabonyeza tena, kidole kimoja kimoja. Imekataa. Nikalaumu kibodi, maana zetu zimepangwa Kifaransa, na herufi a huwa inakaa mahali pa q ukikosea mpangilio. Nikabadilisha mpangilio, nikarudisha. Nikaweka nafasi, nikaondoa nafasi. Nikajaribu herufi kubwa zote. Nikamwandikia Mama Rukia ujumbe, ukabaki na tiki moja. Nikapiga, sauti ya mwanamke ikaniambia kwa Kifaransa kwamba simu haipatikani. Nikapiga kwa mwanawe wa kwanza, akasema hata wao hawajampata tangu apande ndege ya pili. Nje, chini ya dirisha, nilisikia Mama Imelda akimwambia daktari kwa sauti ya chini, "Kama haifunguki tutawaambia nini?" Niliwaza yule binti aliyekuwa anaolewa, nikawaza watu wa namba tupu wakipanga foleni Jumatatu na kadi zao zisizosema kitu. Kufuli tuliyoiweka ili mtu mbaya asiingie, sasa ilikuwa imewafungia nje wenyewe. Nililia, tena si kwa ustaarabu.

Saa saba mpishi wa kliniki aliingia na sahani ya maharage na ndizi. Mama mnene, mcheshi, anayeita kila mtu mutoto, hata daktari. Nikamwambia sitaki. Akaiweka juu ya karatasi zangu kwa nguvu. "Kula, mutoto. Mutu hawezi fikiri na njala." Na mimi, na machozi yangu usoni, na aibu yangu, na wagonjwa wa watu mikononi mwangu, tabia haina dawa, nikamsahihisha. "Mtu, mama. Mtu hawezi." Akarudi nyuma hatua moja, mikono kiunoni. "Heee! Mi nimesema mutu. We ndiye umesikia kingine. Kazi yako ni kusikia vile mutu hakusema?" Akatoka akicheka, akimsimulia mtu uani kwamba kuna redio ya Tanzania imekaa ndani inalia.

Nikabaki na kijiko mkononi. Kusikia vile mtu hakusema. Nikafumba macho, nikalazimisha masikio yangu yarudi kwenye chumba kilekile miezi mitatu nyuma, yasikilize sauti ya Mama Rukia bila kuipiga pasi. Nikabonyeza: mukeka mukubwa hapana kuku saba. Imekataa. Nikamsikiliza tena. Nikaitoa ile h. Mashine ikanyamaza, nikadhani imekwama, kisha mistari ikaanza kupanda. Nimefika salama ilitokea kwanza, kwa kuwa ndiyo faili ya juu kabisa. Nilipiga kelele hadi Mama Imelda akaja mbio akidhani nimerushwa na umeme.

Lakini tulihitaji zaidi ya faili ile. Ilibidi orodha yenyewe ifunguliwe, tuone kama imerudi nzima. Mama Imelda alikuwa bado anakuja ukumbini, viatu vyake navisikia, na orodha ikafunguka mbele yangu peke yangu, majina meupe juu ya skrini, yamenyooka, yanasomeka na mtoto wa shule. Sikugeuza uso. Ningesema niligeuza ningekuwa mwongo. Ilikuwa kitambo kidogo tu, na katika kitambo hicho nikaona jina la mtu ninayemfahamu, mtu ambaye nimekula naye sahani moja. Halafu Mama Imelda akaingia, akanisogeza kwa bega, na mimi nikaenda kusimama dirishani. Ndipo nilipoelewa mtu anavyoweza kuweza na asiweze. Jumatatu watu walipanga foleni, walipewa dawa zao, wakaenda kazini kwao. Hakuna aliyejua kilichotokea. Jina lile sitaliandika.

Mama Rukia alirudi na tende na chupa ya zamzam, amekonda kidogo, sauti imemkauka. Kumbe simu yake ilikuwa ndani ya valise, sanduku lake la safari, na valise ilipotelea uwanja wa ndege siku tano. Nilimweleza yote wima, bila kuketi, nikingoja kufukuzwa. Nilipofika kwenye redio ya Tanzania alicheka akavua miwani. Kisha akaacha kucheka. "Kosa ni yangu mi," akasema. "Tulijaribu sauvegarde kila mwezi, na njala juu. Bahasha hatukuijaribu hata mara moja." Nikamwambia hapana, kosa ni langu. Akatikisa mkono, hakutaka kubishana. Akaimimina chai, vikombe viwili, akanisogezea changu.

"Wakati imefunguka," akauliza, "uliona majina?"

"Apana, mama," nikasema. "Mi sikuona kitu."

Akarudisha miwani yake usoni, na nilijua kwamba anajua. "Muzuri," akasema, akanywa chai yake.

Kesho yake tulikwenda Musaga kubadilisha maneno. Nilivuta kiti chake kama kawaida, nikashika kalamu. Hakuketi. Alikishika kiti kwenye egemeo akanigeuzia mimi. "Kaa. Chagua maneno yako. Karatasi andika vile vidole vimebonyeza, kisha usome kwa karatasi ubonyeze tena, ikikubali ndiyo ufunge bahasha umupe docteur. Mi usiniambie." Nikamwambia, "Lakini mama, wewe ndiye mwenye kazi." Alikuwa ameshafika mlangoni. Akaenda kusimama uani na mpishi, mgongo amenipa, wakizungumza habari za maharage yanayokataa kuiva, na hakugeuka mpaka nilipomwita. Tulifanya kazi pamoja miaka mingi baada ya hapo. Hakuniuliza maneno yale hata siku moja, wala jina.